Uvimbe wa Majimaji Kwenye Kiwiko cha Mbwa: Tiba Huanzia Sakafuni

Mbwa mkubwa anapotaka kulala hajishushi taratibu kama mzee anayeketi mkekani. Huzunguka mara moja au mbili, hukunja miguu, kisha hujiachilia, na uzito wa kifua hutua juu ya viwiko vya miguu ya mbele. Chini pakiwa mchanga au nyasi, hakuna neno. Chini pakiwa saruji ya baraza au ya gereji, kiwiko hugongwa tena na tena, mchana na usiku, kwa miezi. Siku moja mwenye mbwa hupitisha mkono na kukuta kitu laini kinachochezacheza nyuma ya mguu, ukubwa wa ndimu, pengine wa chungwa. Wengi hudhani ni jipu. Wengine husema mbwa ameumwa na nyoka, au amepigwa jiwe na mpita njia.

Mara nyingi si lolote kati ya hayo. Ni kifuko cha majimaji ambacho madaktari wa mifugo hukiita haigroma, na chenyewe kwa kawaida hakiumi wala hakiui. Kinachowaumiza mbwa, na wengine kuwatoa kabisa kwenye kazi ya ulinzi, ni yale yanayofanywa baadaye: wembe, sindano iliyokwisha kutumika, msumari uliopashwa moto, au kuukamua uvimbe kwa nguvu ili eti usaha utoke. Wafugaji wa mbwa katika kaunti za Pwani, hasa wale wanaofuga mbwa wakubwa kwa ajili ya ulinzi wa nyumba, maduka na maghala, wanahimizwa kuufahamu uvimbe huu kabla ya kuugusa.

Kifuko hujijenga vipi

Kiwiko cha mbwa hakipo pale ambapo watu wengi hukidhania. Kile kifundo cha chini, karibu na unyayo, ni sawa na kifundo cha mkono wa mtu. Kiwiko chenyewe kiko juu, karibu na usawa wa kifua, na ncha ya mfupa wake huchomoza nyuma ya mguu. Hapo hapana nyama wala mafuta ya maana. Ni ngozi, kisha mfupa. Ongeza kwamba mbwa hubeba zaidi ya nusu ya uzito wake kwa miguu ya mbele, na kwamba Rottweiler au Boerboel dume aliyekomaa anaweza kufika kilo 50 na kuendelea, ndipo mtu ataona kwa nini ngozi hiyo huteseka.

Ngozi inapobanwa kati ya mfupa na saruji kila siku, mishipa midogo ya damu iliyo chini yake hupasuka na tishu huharibika kidogo kidogo. Mwili hujaribu kujilinda. Hujaza majimaji mahali hapo na kuyazungushia ukuta wa tishu ngumu, yawe kama mto kati ya mfupa na sakafu. Tuseme uvimbe huo ni godoro ambalo mwili umejishonea kwa sababu haukupewa jingine. Kadiri mbwa anavyoendelea kulala pagumu, ndivyo ukuta unavyonenepa na majimaji kuongezeka.

Mbwa wengi wakubwa, wakishakomaa, huota sugu kwenye kiwiko: ngozi nene, kavu, isiyo na manyoya, kama kisigino cha mtu anayetembea pekupeku. Sugu hiyo ni kinga, na haihitaji kutibiwa maadamu haijapasuka. Haigroma huwapata zaidi mbwa wakubwa ambao bado ni wachanga, wa miezi 6 hadi 18 hivi, kwa kuwa mwili umeshakuwa mzito ilhali sugu bado haijaota. Great Dane, Boerboel, Rottweiler, German Shepherd na Labrador wote wamo. Wamo pia mbwa wazee wenye maumivu ya viungo, ambao hawawezi kujishusha na badala yake hujibwaga, pamoja na wale waliolala muda mrefu kwa ugonjwa. Mbwa wa kienyeji, ambaye ni mwepesi na hujichimbia kishimo chake mchangani, ni nadra kuonekana nao.

Kuutofautisha na maradhi mengine

Haigroma ya kawaida huwa laini, huchezacheza ukiubonyeza, na iko juu kabisa ya ncha ya kiwiko. Haina joto. Mbwa hachechemei, anakula kama kawaida, na haoni shida kuguswa hapo. Mara nyingi viwiko vyote viwili huwa na uvimbe, kimoja kikiwa kikubwa kuliko kingine, na hiyo peke yake ni dalili nzuri ya kutambulia, kwa kuwa si rahisi jipu liote pande zote mbili kwa wakati mmoja.

Hali hubadilika uvimbe ukiwa wa moto, mwekundu, wenye maumivu, au ukitoa majimaji yanayonuka. Hapo vijidudu vimeshaingia na mbwa anahitaji daktari siku hiyo hiyo, asingojee wiki ijayo. Uvimbe mgumu, unaokua haraka, wenye umbo lisilo sawa au ulioota kando ya ncha ya mfupa, unaweza kuwa wa saratani, na ni vipimo tu vinavyoweza kuamua. Na mbwa mchanga wa aina kubwa anayechechemea mguu wa mbele huenda ana kasoro ya ukuaji katika kiungo chenyewe, jambo ambalo huhitaji picha ya eksirei na halihusiani na kifuko kilicho nje.

Ili kuwa na hakika, daktari wa mifugo anaweza kunyoa manyoya, kusafisha ngozi kwa dawa ya kuua vijidudu, na kuvuta matone machache kwa sindano mpya. Majimaji mepesi ya rangi ya manjano au yenye wekundu wa damu huashiria haigroma. Usaha huashiria jipu. Matone hayo ni ya kupima tu. Daktari hakusudii kuukausha uvimbe, na hapa ndipo wafugaji wengi huchanganya mambo: wakiona daktari ametumia sindano, hudhani hata wao wanaweza kununua bomba la sindano kwenye agroveti na kumaliza kazi nyumbani.

Kisa huwa kama hivi. Mbwa wa lindo ana uvimbe wa ukubwa wa ndimu. Jirani anashauri utobolewe. Wembe unaletwa, mbwa anashikwa na watu watatu, majimaji yanatoka na damu kidogo, uvimbe unasinyaa na kila mtu anafurahi. Kiwiko hupakwa oili chafu ya gari ili nzi wasitue. Baada ya siku chache uvimbe umerudi, kwa sababu ukuta wa kifuko bado upo na mbwa bado analala kwenye saruji ile ile. Safari hii una joto. Siku chache tena zikipita unanuka, mbwa anachechemea na amekataa chakula.

Kilichotokea si bahati mbaya. Majimaji yaliyo ndani ya kifuko ni chakula kizuri cha vijidudu, na ngozi ya kiwiko ni miongoni mwa sehemu chafu zaidi za mwili wa mbwa kwa kuwa hugusa sakafu muda wote. Vijidudu vikishaingia, ukuta mnene wa kifuko huzuia dawa za antibayotiki kuvifikia vizuri. Kidonda kikishafunguka, nacho hakifungi kwa urahisi: kila mbwa anapoinuka, anapotembea na anapolala, kiwiko hukunjika na kuvuta kingo za kidonda zitengane. Nzi hutaga mayai, mabuu yakaanza kula nyama. Katika hali mbaya, maambukizi hushuka hadi kwenye mfupa au kiungo chenyewe. Oili nayo mbwa huilamba, ikamdhuru tumbo na mapafu. Kwa hiyo uvimbe ambao haukuwa ukiuma hugeuka kidonda cha miezi mingi, na mbwa aliyekuwa akilinda boma hushindwa hata kusimama langoni.

Kutibu sakafu

Tiba ya kwanza ya haigroma, na kwa ile ndogo iliyoanza karibuni mara nyingi ndiyo tiba pekee inayohitajika, ni kumwondoa mbwa kwenye pagumu. Godoro kuukuu la sponji linatosha. Kipimo chake ni rahisi: mtu akipiga goti juu yake, asihisi saruji. Akiihisi, kiwiko cha mbwa kitaihisi pia. Godoro lishonewe gunia au turubai nje ili liweze kuoshwa na kuanikwa juani, maana mkojo na unyevu huozesha ngozi ambayo tayari ni dhaifu.

Mbwa mchanga aliyezoea kutafuna ni shida. Atalirarua godoro siku ya kwanza, na vipande vya sponji akivimeza vinaweza kumziba utumbo. Mbwa wa namna hiyo afaa atandikiwe mikeka minene ya mpira kama ile inayotumiwa kwenye mabanda ya ng'ombe wa maziwa, kisha juu yake nyasi kavu nyingi au maranda ya seremala. Ubao mtupu haufai. Hauna baridi ya saruji, lakini ugumu wake ni ule ule.

Hapa Pwani kuna kikwazo kingine, na pengine ndicho kinachoharibu tiba nyingi kuliko vyote: joto. Mwenye mbwa hununua godoro, mbwa hulilalia nusu saa, kisha huinuka na kurudi kwenye saruji kwa sababu saruji ina ubaridi. Mfugaji hukata tamaa na kusema mbwa hataki. Mbwa hakatai ulaini. Anakimbia joto la sponji. Dawa yake ni kitu ambacho kila fundi wa Pwani anakijua, nacho ni kitanda cha kamba. Fremu fupi ya mbao, kimo cha shubiri moja kutoka ardhini, ikasukwa kamba za karibu karibu au ikawambwa gunia imara au turubai, humweka mbwa hewani. Upepo hupita chini, na kiwiko hakigusi kitu kigumu. Kamba zikilegea zikazwe, kwani kitanda kinachobonyea hadi chini hakina tofauti na sakafu. Ncha za misumari nazo zigeuzwe upande wa nje.

Mchanga safi chini ya kivuli cha mwembe au mkungu nao ni malazi mazuri ya mchana, na haugharimu. Uchunguzwe na kubadilishwa mara kwa mara, kwa kuwa viroboto na funza hupenda mahali pa vumbi penye kivuli.

Jambo linalosahaulika ni kwamba mbwa hana kitanda kimoja. Hulala kibandani usiku, mlangoni pa jikoni wakati wa kupika, kando ya gari mchana, na karibu na kiti cha mlinzi jioni. Kibanda kikitandikwa peke yake, saa zile nyingine zote kiwiko kiko kwenye saruji. Mwenye mbwa afanye kazi ya siku moja tu ya kuangalia mbwa wake analala wapi, kisha kila mahali hapo pawekwe mkeka, au pazibwe mbwa asipafikie.

Kinga ya kuvaa husaidia wakati uvimbe unapona. Mkono wa sweta kuukuu huvalishwa mguu wa mbele mpaka juu ya kiwiko na kufungwa kwa ukanda unaopita mgongoni usiteleze. Ndani yake huwekwa duara la sponji lenye tundu katikati, ncha ya kiwiko ikae kwenye tundu hilo. Kisibane. Unyayo ukivimba au ukiwa baridi kuliko ule mwingine, kifunguliwe mara moja. Kivuliwe kila siku ngozi ipate hewa, na kamwe raba bendi isitumike kukishikilia, kwani hukata ngozi kimya kimya chini ya manyoya.

Mbwa mnene apunguzwe. Mbavu za mbwa mwenye uzito unaofaa husikika kwa vidole bila kubonyeza sana. Zisiposikika, sahani ya ugali na mabaki ya mezani ipunguzwe. Wako wafugaji wanaowanenepesha watoto wa Boerboel ili watishe mapema, na hao ndio huleta mbwa wenye viwiko vilivyovimba kabla ya kutimiza mwaka.

Uvimbe mdogo na mpya huanza kupungua ndani ya wiki chache iwapo malazi hayakosekani hata siku moja. Ule wa zamani, wenye ukuta mnene, unaweza kuchukua miezi, na pengine ukabaki kidogo maisha yote bila kumsumbua mbwa. Huo uachwe. Macho hudanganya, kwa hiyo ni vyema kupima: uzi uzungushwe kiwikoni kila wiki siku ile ile, utiwe alama ya kalamu, na uonyeshwe daktari.

Daktari anapoingia kati

Uvimbe ukiwa mkubwa mno, ukipasuka, au ukishapata vijidudu, malazi peke yake hayatoshi. Njia mojawapo ni kumpa mbwa dawa ya usingizi na kupitisha mrija laini wa mpira ndani ya kifuko, majimaji yakawa yanatoka polepole kwa wiki 2 hadi 3 huku kuta zikishikana. Muda wote huo kiwiko hufungwa bendeji inayobadilishwa mara kwa mara, na mbwa huzuiwa asiitafune. Kuukata uvimbe wote huachwa mwisho. Ngozi ya kiwiko haina ziada ya kuvuta na kushona, nyuzi hukazwa kila mguu unapokunjwa, na kidonda cha upasuaji kinaweza kufunguka. Wakati mwingine daktari hulazimika kuhamisha kipande cha ngozi kutoka jirani ili kufunika pengo. Mfugaji anayeambiwa mbwa wake akatwe uvimbe usiouma ana haki ya kuuliza kama malazi yamejaribiwa kwanza. Na upasuaji wowote, ukifanywa kisha mbwa akarudishwa kwenye saruji, uvimbe utarudi.

Vidonge vya maumivu vya binadamu visitumike. Ibuprofen na diclofenac humtoboa mbwa tumbo na kuharibu figo zake, hata kwa kiasi ambacho mtu hukiona kidogo. Paracetamol nayo inaweza kumdhuru ini. Zipo dawa za maumivu zilizotengenezwa kwa ajili ya mbwa, na kipimo chake hutegemea uzito, kwa hiyo daktari ndiye aamue. Sindano ya steroidi ndani ya uvimbe, ambayo baadhi ya watu huiuza kama njia ya mkato, hudhoofisha kinga ya mwili pale pale ambapo vijidudu viko tayari kuingia.

Chini ya Sheria ya Madaktari wa Mifugo na Wasaidizi wao ya mwaka 2011, wanaotoa huduma hizi sharti wawe wamesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya, na mteja anaweza kuomba kuona cheti na leseni ya mwaka. Upasuaji wa aina hii ni kazi ya daktari wa mifugo mwenyewe. Muuzaji wa dukani hana ruhusa ya kuufanya, hata awe na uzoefu wa miaka mingi wa kuchanja ng'ombe. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, nayo inakataza kumtesa mnyama bila sababu, na mbwa aliyeshikwa na watu watatu akikatwa kwa wembe bila ganzi anateswa. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi serikali za kaunti jukumu la udhibiti na maslahi ya wanyama, ikiwemo leseni za mbwa, kwa hiyo asiyejua pa kuanzia aende kwa afisa wa mifugo wa wadi yake, naye atamwelekeza kwa daktari.

Siku ya kumpeleka mbwa, abebewe kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Mbwa mwenye kiwiko kilichooza huuma hata mkono unaomlisha, hivyo afungwe mdomo kwa bendeji pana au kifunga mdomo kabla ya kuguswa. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 na kwenda hospitalini siku hiyo hiyo, hata kama mbwa ni wa nyumbani na amechanjwa. Na mlinzi wa usiku, ambaye hukaa na mbwa saa nyingi kuliko mwenye nyumba, aelezwe yote kuhusu malazi na kinga ya kiwiko, maana yeye ndiye atakayemwona mbwa akikiacha kitanda saa nane za usiku na kwenda kujibwaga kwenye saruji ya langoni.